Swali la Nyongeza

Redio iko juu ya mashine ya kopi,
antena nimeiunga kwa waya wa simu mbovu,
na leo Bunge linasikika Kirumba
kuliko kelele za mnada wa dagaa.

*Mheshimiwa Spika, kwa idhini yako,
naomba kujibu swali namba mia moja na tisa,
lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo.*

Nikaacha kuhesabu chenji.
Sehemu (a) naijua.
Sehemu (a) imekaa hapo kwenye benchi langu,
magamba ya Igombe bado yamo kwenye kisigino,
jina lake Nyanjura,
alizaliwa Ukara mvua ikinyesha,
na kwa jina hilohilo wakamuuliza
mvua yenyewe ilitoka ng'ambo ipi.

Serikali inatambua, anasema Waziri.
Sauti yake imepigwa pasi hadi kwenye kola.
Anasema zoezi.
Anasema mialo na visiwa,
wahamiaji haramu mia nne na kumi na wawili,
mia nne na tisa wamerejeshwa makwao,
watatu wamebainika kuwa raia
na wameachiwa huru.
(Makofi.)

Nyanjura anainua vidole vitatu,
anavitazama,
anakunja viwili.

Mimi si mwanasheria.
Mimi ni kopi shilingi mia, rangi mia tano,
pasipoti saizi nne kwa elfu tatu,
usicheke, tazama hapa, masikio yaonekane.
Lakini vyote vimelala kifudifudi kwenye kioo changu:
cheti cha ubatizo cha mama yake,
daftari la zahanati lililoliwa na mchwa
kuanzia mwezi wa tatu hadi mwisho,
barua ya mtendaji, muhuri umekauka nusu,
kadi ya kura
iliyompeleka Dodoma mmoja wa hao wanaopiga makofi.

Aliniambia mara moja tu, akitazama mlango.
Saa tisa usiku, kanga moja, tochi usoni.
Taja mtemi wa babu yako. Akataja.
Imba wimbo wa taifa. Akaimba,
akamaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili,
wakatazamana:
anaujua mno huyu,
amefundishwa.

*Kuhusu sehemu (b), Mheshimiwa Spika,
yaani fidia,
sheria iliyopo haina kifungu hicho.*

Anasimama mama wa viti maalumu, ana mafua.
Je, Waziri yuko tayari kufuatana naye
hadi mialoni, akajionee?
Yuko tayari. Mara baada ya Bunge hili.
(Makofi.)
Hapa kwetu Mara Baada ni kisiwa,
kila mtu amekisikia,
kivuko hakijawahi kufika.

Nami ninalo moja, Mheshimiwa Spika,
dogo tu la nyongeza,
ingawa kiti changu ni ndoo ya rangi iliyogeuzwa
na kipaza sauti changu ni feni.
Siku kumi na tisa alikaa mahabusu.
Asubuhi ile walipomchukua
alikuwa ameanika dagaa mchangani, debe sita,
za mkopo,
na mchana wingu likapanda kutoka Ukerewe.
Nani aliwaanua?

Wamehamia swali la maji, jimbo jingine.
Nikapunguza sauti.

Nyanjura akafungua fundo la kanga,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane:
*Tunathibitisha kuwa aliyetajwa hapo juu.*
Nitolee kumi, akasema.
Moja ya sidiria, moja ya paa,
moja moja kwa watoto,
zilizobaki weka hapa kwako,
mimi sijui kesho watanikuta wapi.

Nikailaza, nikafunika, nikabonyeza.
Mfuniko haushiki vizuri siku hizi.
Mwanga ukatoka ubavuni, ukatambaa polepole
chini ya jina lake,
ukampitia usoni,
naye, kwenye duka langu, saa tano mchana,
akarudi nyuma hatua moja
na kuinua mikono.