Waridi Kwenye Pamba

Kijiti cha pamba, matone mawili ya dawa.
Sugua bizimu ya mkanda. Subiri.
Pamba ikibaki nyeupe, vaa.
Ikigeuka waridi, rudisha dukani, mwambie Marjukka
ahsante, na samahani, na tena samahani.

Hivi ndivyo ninavyonunua nguo Harjavalta,
mji wa tanuri,
ambako baba aliyeyusha nikeli miaka thelathini na mmoja,
akirudi alfajiri na harufu ya kiberiti kwenye nywele,
akinawa hadi viwikoni, mara tatu,
kabla ya kuninyanyua.

Viatu vyangu vya kuteleza barafuni vilitoka humo.
Baiskeli ya buluu pia.
Meno yangu yalinyooshwa kwa mshahara wa nikeli,
na waya wenyewe, nadhani,
ulikuwa nayo.

Kikulacho ki nguoni mwako:
changu kilikuwa chini ya kitovu,
kifungo cha jinzi, miaka kumi na minne,
duara jekundu kama muhuri wa posta.
Mama alidhani ni sabuni. Akabadilisha sabuni.
Akabadilisha tena.
Baba alitazama, akanyamaza,
akaenda kukaa nje kwenye ngazi.
Kilichonilisha kilikuwa kinanila,
na yeye ndiye aliyekuwa akikileta nyumbani.

Siku hizi nimeyazoea.
Funguo zimevaa mpira. Chenji naomba iwekwe kaunta,
si kiganjani, na wageni hudhani nina maringo.
Vifungo vya ndani navipaka rangi ya kucha isiyo na rangi;
hubanduka kila baada ya mafuo matatu.
Maji ya kwanza ya bomba, asubuhi, nayaacha yaende zake.
Uji wa shayiri, basi.
Chokoleti, Krismasi tu, kipande kimoja,
na kufikia keshokutwa vidole vyangu vinanisema.

Sauna ndiko ninakopumzika.
Ndoo ya mti, kata ya mti, benchi la mti,
na kila mtu ameacha pete na hereni mlangoni.
Humo ndani hakuna anayeniuliza kitu.

Baba alifariki Februari.
Mama alinitia saa yake kiganjani,
ile aliyopewa na kiwanda alipostaafu,
kisha akakumbuka, akanipokonya kwa kitambaa cha vyombo
kama mtu aliyeona mtoto kashika kaa.

Nilikwenda nayo nyumbani ndani ya soksi.
Pamba. Matone mawili.
Nilisugua mgongo wa saa, palipochongwa jina lake,
nikiomba nyeupe, mimi nisiyeombaga.
Waridi. Waridi iliyokolea
kuliko bizimu yoyote ya Marjukka.

Siku ya mazishi niliivaa.
Si juu ya sweta. Juu ya ngozi,
tangu kanisani hadi kahawa ya mwisho,
na kila ilipowasha niliikaza tundu moja.

Wiki tatu mkono ulivimba, ukatoa maji, ukakauka,
mviringo kamili, na mkanda wake,
hata alama ya kile kidude cha kutilia ufunguo.
Usiku nilikuwa naupapasa gizani
badala ya kuukuna.

Daktari Hakulinen alivua miwani,
akautazama mviringo, akanitazama mimi.
Akauliza kama nilisahau.
Nikamwambia ndiyo,
nilisahau.