Sahihi

Kangomba ni bakuli. Nililijua kabla sijajua kusoma.
La mnunuzi wetu pale Nanyamba lilikuwa la kijani,
kitako kimepashwa moto, kikasukumwa chini kwa ngumi
hadi likaota tumbo. Alilijaza korosho
mpaka zipige kilemba, kisha akasema: kilo.
Mama alitazama. Hakuwa na mizani ya kubishia.

Leo nina mizani inayoishi ndani ya kioo.
Ukiipumulia, namba zinababaika.
Kiwanda kiko njia ya Msijute, jina la kijiji
linalosomeka pia kama onyo,
na mimi ndiye ninayetia sahihi
kabla kidonge hakijatoka getini.

Sikuanzia hapo. Nilianza na ndoo.
Shahada ikiwa bahashani, nikaosha mapipa ya kuchanganyia,
nikahesabu vizibo, nikavaa kofia ya karatasi
iliyonifananisha na mwoka mikate.
Wenzangu wa chuo walifungua maduka Dar,
wakanipigia: "Somoe, bado uko kwenye unga?"
Bado. Unga una tabia, niliwaambia; una siku za kununa.

Desemba hii ulinuna.
Mvua haijashuka, hewa imebeba maji mgongoni,
nusu ya vibarua wako mnadani wanangoja bei ya korosho,
nasi tuko toleo la arobaini na moja: zinki,
vidonge vya watoto wanaoharisha,
vinavyopaswa kufumuka kijikoni
kabla mama hajachoka kukoroga.

Sita ndani ya maji. Vitano vikafumuka.
Cha sita kikakaa chini kama changarawe.
Tukarudia na kumi na viwili. Vitatu vikagoma.

Bwana Mrope, meneja, hakufoka; afadhali angefoka.
"Lori liko getini," alisema taratibu.
"Vingi vimeyeyuka. Na wewe ni mwenyekiti
wa wafamasia mkoa mzima. Neno lako linatosha."
Nikaliona lile bakuli la kijani.
Nikasema: vilivyogoma navyo vina watoto wao.

Ningependa shairi liishie hapo, mimi nimesimama wima.

Lakini Nandonde, fundi wa mashine, aliyeishia darasa la saba,
alikuwa amenipigia tangu asubuhi. Mara tatu.
Aniambie mashine inaimba vibaya, unga unanata kwenye vyuma,
na mkuu wa zamu kaamuru waongeze mgandamizo.
Simu ilikuwa kimya ndani ya mkoba.
Mimi nilikuwa Shangani, ukumbini, chini ya feni,
nikiwafundisha vijana wa chama chetu uongozi.
Kusikiliza kulikuwa kwenye slaidi ya nne.
Walipiga makofi.

Usiku nikajaza fomu ya kasoro. Kuna kisanduku: CHANZO.
Esha, aliye kwenye mafunzo kazini, alishaandika kwa penseli
"unyevu", na hakukosea.
Nikaongeza kwa wino: fundi alipiga saa mbili na dakika kumi;
haikupokelewa. Aliyepaswa kupokea: S. Nalinga.

"Dada, unaweka jina lako penye kosa?"

Nilitaka kumjibu kitu kirefu. Lugha yetu ina ubahili wake:
jina unaloandika chini ya karatasi
na jambo lisilo na dosari
imeyapa neno moja tu,
ikatuachia sisi kazi ya kuyapatanisha.
Nikatia sahihi.

Lori likarudi Masasi tupu, bodi ikigongagonga.
Nandonde alikuwa anapangusa vyuma kwa kitambaa, kimoja kimoja.
Nikavuta stuli.
"Inaimbaje," nikamuuliza, "ikiwa nzima?"