Cheti cha Tabia Njema

Fomu nilizichapisha dukani kwa Swaleh,
shilingi kumi kila karatasi.
Swali la nne nililiongeza mwenyewe:
Umewahi kufungwa?
Na mistari miwili chini yake,
kana kwamba jibu lingeenea humo.

Walikuja vijana kumi na mmoja.
Kumi waliandika hapana,
wengine kwa wino mzito kulishinda swali.
Lali Shekuwe aliandika ndiyo,
mistari ikamwishia, akageuza karatasi
akaendelea nyuma:
Jela ya Hindi, miaka sita. Mashine ya boti.
Na mlinzi niliyempiga.
Chini kabisa, herufi ndogo:
Huko nilikanda unga wa watu mia tatu.

Kabla yake nilikuwa na Twaha.
Cheti chake kilikuwa na muhuri wa polisi,
vidole kumi vimepimwa, vyote safi,
vidole vile vile vilivyoizoea droo yangu
miezi minane, hamsini leo, mia kesho,
akiuma na kupuliza kama panya.
Muhuri haukusema uongo.
Ulisema tu kwamba hajashikwa.

Wifi yangu Mwanahalima akanionya:
"Aonjaye asali huchonga mzinga."
Nikatafuta methali ya kumjibu.
Zipo. Kila kesi ina methali yake ya kukodi,
kama wakili.

Lakini yule mlinzi namjua.
Langoni hapa huwezi kumpiga mtu nisiyemjua.
Famau Kombo, boflo mbili kila asubuhi akitoka zamu,
hunigeuzia sikio la kulia nikimrudishia chenji,
kwa kuwa la kushoto lilibaki ghalani
usiku ule.

Nilimfuata kwake, nikakaa upande wa kulia,
nikasema yote.
Alinyamaza
hata punda wawili wakapita na mifuko ya saruji,
na anayewafukuza naye akapita.
Kisha:

"Usinifanye mimi muhuri wako.
Nikisema mwajiri, utatangaza Famau kasamehe.
Sijasamehe.
Nikisema mkatae, usiku atakuwa wapi?
Mimi bado ni mlinzi, mwanangu.
Ghala ni lile lile."

Lali alianza Jumatatu, saa tisa za usiku.
Hakuniuliza kwa nini, nami sikuwa na sababu
iliyonyooka kiasi cha kuitamka.
Nilihitaji mkandaji. Alijua kukanda.
Hilo tu huwa nawaambia watu.

Jioni nahesabu droo mara mbili.
Mara ya kwanza aliponiona nikihesabu
aligeuza uso ukutani,
kama mtu anayempisha mwanamke uchochoroni.
Niliona haya.
Nikahesabu mara ya tatu.

Wenzangu wenye maduka wananicheka kichinichini.
Alipoiba Twaha walikuja kunipa pole.
Akiiba Lali watasema nilijitakia.
Nimewaza sana, na naona
kazi nyingine ya cheti hakina:
kinampangia mwenye duka
aliliwe au achekwe.

Famau haji tena mwenyewe.
Humtuma mjukuu wake, Tima,
sarafu zimelowa jasho kiganjani.
Juzi Lali alimchagulia mbili zilizoumuka vizuri,
akazifunga gazetini,
akarudi nyuma kwenye moto bila neno.

Leo mtoto amerudi na moja.
"Babu anasema hii haikuiva katikati."
Nikaimega. Kweli, mbichi.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuomba radhi
Lali alipoichukua mkononi mwangu,
akaitazama ndani muda mrefu,
akamwambia mtoto, "Ngoja,"
kisha akarudi kuchochea kuni.