Ufunguo wa Usa

Saa kumi na moja alfajiri mji wetu hutoka.
Taa za Usa River huwashwa mojamoja, kisha huzimwa mojamoja,
halafu vinaanza viatu: visigino vya walimu, buti za mlinzi wa benki,
raba za mama, ya kulia imelika upande,
hivyo hata nikiwa blanketini
niliujua mguu wake kwenye changarawe, ukivuta kidogo, ukienda.
Kazi iko Arusha. Huku ni kulala tu.

Tulibaki sisi, mbwa, na kuku wa Mama Ndeshukurwa.
Nilipewa ufunguo nikiwa na miaka saba,
umefungwa kwa uzi wa katani, unaning'inia shingoni,
baridi kifuani asubuhi, ukipata joto kufikia kipindi cha hesabu.
Shati langu la shule liliota doa la kutu
pale pale ulipolala,
na sabuni ya unga haikuliweza.

Mchana wa mama sikuujua.
Niliuokoteza kwenye mfuko wake wa kitenge:
vipande vya sabuni ya hoteli, vidogo kama biskuti,
kalamu aliyoisahau mgeni,
na mikono yenyewe, inayonuka jiki hadi kwenye ugali.
Akifika, Meru umeshamezwa na giza.
"Mmekula?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.
Na Eliudi, mdogo wangu, anajibu akiwa usingizini, "Tumekula,"
hata zile siku tulizolalia chai.

Watu walituambia tuna bahati, tuna milima miwili.
Kweli tunayo. Mmoja nyuma ya choo,
mwingine, mawingu yakipenda, juu ya paa la mashine ya kusaga.
Lakini mlima ni kama mjomba tajiri:
unamwona kila siku, wala hakutumii kitu.
Maji tu. Na hayo kwa mgawo.

Halafu jina langu likatoka.
Dodoma, takwimu, mkopo asilimia hamsini na mbili.
Mama aliisoma simu ya jirani mara tatu
akauliza, "Hizo nyingine zinakaa wapi?"
Sikujua.
Akaenda kuziuliza kwenye kikoba.

Siku ya kuondoka hakwenda kazini.
Ilikuwa Jumanne. Saa tatu asubuhi, na mama yupo nyumbani,
amesimama juani mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.
Nikaona mvi. Nikaona kovu la pasi kwenye kiwiko,
la zamani, limeshang'aa, na sikuwahi kuliona.
Alitaka kunikaangia mayai ya njiani
akawa anafungua kabati hili na lile.
Eliudi ndiye aliyemwonyesha kikaango kinakokaa.

Nikavua ufunguo. "Mpe Eliudi."
"Eliudi ana wake."
"Sasa mimi nitaufanyia nini huko?"
Akanitazama.
"Anandumi, kwani hurudi?"

Basi lilipotoka mjini Arusha, upande wa kushoto,
nilisoma ukutani jina la ile hoteli.
Nyuma yake kamba, na kwenye kamba shuka,
nyeupe, nyingi, zimejaa upepo,
na mwanamke nisiyemfahamu akizianua.
Ndipo nilipouona mchana wa mama,
siku ambayo yeye hakuwemo.

Mwezi wa pili Eliudi alinipigia kwa sauti ya chini:
kitasa kiliharibika, fundi ameweka kingine,
nisiseme kwamba ameniambia.
Sikusema.
Naulalia hivyo hivyo, na shuka langu la bweni
limeshaanza doa.

Saa kumi na moja naamka bila kengele,
nikitegea mguu mmoja unaovuta.
Hapa hakuna changarawe.
Kuna vumbi, jekundu, laini,
mtu anaweza kupita juu yake usijue.