Rangi ya Kuonekana

Daktari kampima macho, kampima shingo,
kasema: mwaka mmoja tena, halafu tutaonana.
Baba akatoka kliniki ya Võru kifua mbele,
leseni mkononi kama mtoto aliyefaulu.
Gari lake lilikufa Januari,
limeoza chini; ukikaa ndani unaiona barabara.

Nikachukua likizo, nikachukua na daftari.
Nikaandika: euro elfu sita, isizidi hata senti
(nne zangu, mbili za Urmas aliyeko Tampere,
ambaye hutuma pesa na ushauri, ushauri zaidi).
Nikaandika: mifuko ya hewa, hata ya ubavuni.
Breki zinazojikaza zenyewe mguu ukichelewa.
Kiti kisiwe chini kama jamvi wala juu kama dari,
goti lake la chuma lina masharti yake.
Vitufe vya kubonyeza, si kioo cha kupapasa:
vidole vyake vimekauka, kioo hakivitambui.
Na nyota, zile za watu wanaogongesha magari ukutani
wakiwa wamewafunga wanasesere mikanda.

Kaspar wa yadi, kijana wa shingo ndefu,
alitupitisha mstari kwa mstari kwenye tope la Machi.
"Hili lilikuwa la mwalimu. Hili la kasisi.
Hili limetembea kilomita chache."
Chache! Kanyagio la klachi limelika
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

Baba hakuuliza kilomita, hakufungua boneti.
Alipita akigonga nguzo za milango
kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama,
kama anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa.
"Hili hapana. Mlango wake haufunguki."
Kaspar akaufungua, akaufunga, akaufungua.
"Haufunguki," Baba akarudia, "likishakunjika."

Ndipo nikakumbuka kile ambacho kwetu hakisemwi:
miaka ishirini na saba ya zimamoto, ya kujitolea,
viatu vyake mlangoni usiku, vikielekea nje,
na asubuhi anakunywa maziwa wima, kimya,
Mama akifua lile shati peke yake,
mbali na nguo zetu.

Naye alikuwa na daftari, ila halikuandikwa.
"Ndugu yake hili, kona ya Rõuge. Walitoka wote wanne."
"Hili, kulungu aliingia kwa kioo cha mbele.
Dereva aliitwa Leili."
Hakuendelea. Akalizunguka gari lile kwa mbali
kama mtu anayepisha jeneza.

Mimi nilikuwa na langu: la rangi ya fedha,
nyota tano, elfu tano na mia tano.
Baba akaketi. Goti likakubali. Nguzo ikaitika vizuri.
Nilishaanza kutafuta kalamu ya kutia sahihi
aliposhuka, akatazama mbingu zilizokuwa zikipukutisha theluji.
"Rangi," akasema.
"Baba, rangi haimwokoi mtu."
"Fedha kwenye ukungu, Maarika. Nyeupe kwenye theluji.
Yule wa Haanja tulimtafuta saa tano.
Tulimpita mara mbili, na taa tulikuwa nazo."

Mwisho wa yadi, nyuma ya trela lisilo na magurudumu,
lilikuwapo la rangi ya chungwa, la kampuni ya vifurushi,
herufi zimebanduliwa, kivuli chake bado kinasomeka.
Nyota nne. Redio mbovu. Elfu tano na mia tisa.
Baba akaligonga mara moja tu, akaingia,
akarekebisha vioo bila kuuliza bei.

Urmas akapiga simu: "Mbona kama karoti?
Na nyota ya tano mmeiacha wapi?"
Nikamwambia atume ya matairi ya theluji.

Tukarudi kwa vilima, yeye mbele, mimi nyuma,
kilomita arobaini kwa saa, msururu wa magari mgongoni kwangu.
Walipopiga honi sikugeuka.
Misonobari ikammeza, ikamtema, ikammeza tena,
na kila ilipomtema, nilimwona.