Mwenye Kichwa

Kazi yangu zamu hii ni kushika kichwa.
Wengine wana mikasi, sindano, simu;
mimi nina viganja viwili na magoti yanayouma,
nyuma ya utosi wa Steinvör,
anayeitazama dari na kunitukana polepole.

Aliangushwa na farasi kwenye kivuko cha mto,
mwezi wa tisa, kondoo wakishushwa kutoka milimani.
Akainuka. Akapanda tena. Akaswaga saa mbili nzima,
kisha akaendesha gari hadi Akureyri kwa mkono mmoja,
wa pili umevimba kama mkate uliozidiwa hamira.
"Ningekuwa nimevunjika shingo," anasema,
"ningefikaje hapa?"

Swali zuri. Lina makaburi yake.

Daktari Kolfinna hana haraka.
Anauliza leo ni siku gani. Anainusa pumzi: kahawa tu.
Anauliza mwaka wa kuzaliwa;
Steinvör anajipunguzia mitano, kwa haya, si kwa hila,
na karatasi inamsuta: sitini na sita.
Mfupa wa umri huo huvunjika bila kuaga.

Sukuma nyayo. Bana vidole. Pamba hapa, pamba pale,
kuna ganzi?
Kisha kidole chake kinapenya chini ya kola,
kinashuka katikati ya kisogo, pingili kwa pingili,
saba, sawa na za yule farasi,
sawa na za kila kondoo aliyeswagwa jana.
"Panauma?"
"Kinachouma ni mkono, binti! Mkono!"

Hapo Kolfinna ananitazama.
Mkono ukinadi namna hiyo
shingo haipati zamu ya kusema.
Kimya kingi kina mshindo,
na kimya chenyewe nimekikamata, kina joto, kina mvi.

Asubuhi tulimfungua kijana Dagur,
aliyegongwa kwa nyuma akisubiri taa.
Hana ganzi, hana jeraha jingine, hana miaka.
"Geuza kushoto. Mwenyewe, sikusaidii."
Akageuza.
"Kulia."
Akageuza, akaiona saa ukutani, akalaani: mtihani!
Kola ikaingia pipani. Bila picha, bila mionzi,
shingo feni, nenda zako.

"Huyo mlimwacha," anasema Steinvör, aliyesikia kwa wauguzi.
"Mimi mnanifunga kama mzigo."

Moja, mbili, tatu.
Ninayehesabu ni mimi; mwenye kichwa ndiye mwenye amri.
Watu wanne tunamvusha kama gogo moja
hadi kwenye mashine yenye mdomo wa pete,
na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri
mikono yangu haina kitu,
haijui ikae wapi.

Pingili ya pili ina kijino.
Kichwa hukizunguka kila tunaposema hapana.
Pale, kwenye kioo, katika weupe,
ufa. Mwembamba kama unywele kwenye sahani,
na haujasogea.

Kolfinna hakusema neno. Alivuta kiti, akakaa.

Nimerudi nyuma ya utosi. Sitakiwi tena, kola inatosha,
lakini nimerudi.
Mumewe yuko kwenye simu, imebandikwa sikioni mwake:
kumi na wanne bado wako mlimani, theluji inakuja,
amtume mtoto wa jirani?

Nauona mshipa wa shingo ukijiandaa kuitikia.
"Usitikise," namwambia. "Sema kwa mdomo."

"Ndiyo," anasema Steinvör.
"Amtume."