Siku Kumi na Moja

Raitis muuza matrekta alikuja na vitabu viwili vya picha,
akavitandaza mezani juu ya makombo ya mkate mweusi.
"Bi Skaidrite, silinda nne au silinda sita.
Pesa ni zako."
Akanywa kahawa yangu kama mtu asiye na haraka,
mguu wake ukicheza chini ya meza.

Sita niliijua. Nimelala nayo miaka thelathini.
Talivaldis alipolima usiku wa Oktoba
ilinifikia kitandani, ikinguruma bila kukatika,
nzito, laini, kama paka mkubwa aliyeshiba.
Ikinyamaza, nilijua anafungua chupa ya chai.
Sasa imekaa bandani,
mkono wa pistoni umetoboa ubavu wa injini,
naye yuko chini ya misonobari, karibu na mama yake.

Udongo wetu wa Zemgale ni mfinyanzi:
ukikauka tofali, ukilowa gundi.
Plau ya majembe matano haiombi, inadai.
Sita ina uzito, ina mwili mrefu,
kilima cha mtoni inakipanda kwa gia ileile.
Nne ingehema. Ingeshuka gia, ishuke tena,
moshi mweusi juu, kama mtu aliyebishana akashindwa.

"Basi sita," akasema Raitis, kalamu mkononi.
Nikamwambia ngoja.

Nikaleta daftari la marehemu,
jalada lina alama ya kidole cha grisi.
Aliandika kila kitu: dizeli, mvua, ndama, deni.
Nikahesabu kwa kidole, Raitis akahesabu kwa midomo.
Kulima kwa plau: siku kumi na moja.
Zilizobaki, mwaka mzima,
ni marobota ya nyasi, samadi, theluji ya kusukuma,
ni kupita lango la mawe ambalo babu
alipima upana wake kwa mkokoteni wa farasi,
ni kukata kona kati ya zizi na kisima
pale sita ilipokwaruza ukuta mara tatu,
na mara zote tatu Talivaldis alisema ukuta umesogea.

Tena kuna Aprili, ardhi ingali na maji ya theluji,
uzito unaukandamiza udongo hata nyungunyungu hapiti,
na njia za magurudumu hubaki kwenye ngano hadi mavuno,
mistari miwili ya njano.

Nne, basi. Inageuka papo iliposimama.
Inakunywa kidogo, na mlipaji sasa ni mimi peke yangu.
Lakini siku kumi na moja hazifutiki kwa kalamu.

Imants ana sita. Ng'ambo ya mtaro.
Mtaro ule ule yeye na mume wangu
walioununiana miaka tisa, kila mmoja akisema
maji yanatoka kwa mwenzake.
Hakuja mazishini. Alisimama barabarani, kofia mkononi.
Nilimwona, nikajifanya sikumwona.

Nilikwenda jioni na jibini ya kisibiti.
La mtaro sikuligusa. Nilisema:
"Siku kumi na moja. Dizeli yangu,
na marobota yako yote nitakubebea."
Akatazama buti zake muda mrefu.
"Kumi," akasema. "Talivaldis alilima polepole."

Oktoba, alfajiri, ukungu juu ya mabua.
Ninakamua. Nyuma ya zizi mtu mwingine
anateremka na plau hadi ukingo wa mto,
na ile sauti inanguruma bila kukatika.
Ng'ombe wameinua masikio.
Mara inanyamaza.
Nasimama, naitafuta chupa ya chai,
kifuniko chake sijui nilikiweka wapi.